Nyumba Ipungue, Haki Isipungue

Ndugu msomaji, mtu atokaye Utende kwa mashua kwenda kisiwa cha Juani huipita Chole, na maji yakiwa yamejaa huweza kufika karibu na magofu ya Kua. Hapo huziona kuta za mawe ya matumbawe zimesimama baina ya mibuyu na vichaka. Kuna jumba la watawala lililokuwa na ghorofa, kuna misikiti iliyojengwa kuelekea Kibla, kuna makaburi, na kuna nyumba za watu ambazo vyumba vyake vyaweza kuhesabiwa hata leo. Aliyelelewa katika nyumba za pwani hahitaji mtu wa kumweleza. Huingia mlangoni pasipo mlango, hupita ukumbini pasipo dari, na huvitambua mwenyewe chumba cha ndani na choo. Lakini chombo hakioni, ila vigae vya vyungu na vya sahani vilivyochanganyika na mchanga.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka bahari kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakaushambulia mji wa Kua. Waliua, waliteka watu, na waliowateka wakawachukua utumwani. Waliosalimika wakahamia Chole, na Kua haikuwa mji tena. Watu wale walikuwa na majumba na vyombo, na bila shaka walikuwa na amana za wenzao, na madeni, na mirathi ambayo bado haijagawanywa. Wasipewe hata saa moja ya kuulizana hiki ni cha nani, na kile kirudishwe kwa nani. Nyumba zao zilipunguzwa na mkono wa adui, katika siku wasiyoichagua.

Nalisimama katika nyumba moja ya hizo nikiwa nimekuja Juani kwa kazi ambayo wengi katika wasomaji wetu wameifanya, au wataifanya: kuipunguza nyumba ya mzazi. Nalikuja na fundi, na magunia, na maneno mengi. Niliyojifunza katika siku zile nataka kuyaeleza, ijapokuwa baadhi yake yananitia haya.

NYUMBA YENYEWE

Nyumba yetu aliijenga babu kwa mawe na chokaa, akaiezeka makuti. Ina vyumba sita. Zamani vyote vilijaa watu. Wageni wa harusi walilala mpaka barazani. Leo baba amekwisha kufariki, mwaka wa tisa huu. Ndugu yangu mkubwa yuko Kilindoni, dada yuko Chole, na mimi niko Dar es Salaam. Mama amebaki na mjukuu mmoja. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vikivuja, boriti zake zimeliwa na mchwa, na choo kiko mbali, uani, na macho ya mama usiku si yale ya zamani.

Tuliafikiana kwa simu ya kwamba vyumba viwili vya nyuma vivunjwe, na kimoja cha pembeni kiwe jiko. Ukumbi ubaki, na vyumba vitatu vya mbele: viwili vya kulala, na kimoja kigawanywe, nusu ghala na nusu choo cha ndani. Baraza isiguswe, kwa sababu nyumba isiyo na baraza haina jirani.

Fundi aliyeifanya kazi hii ni mtu mzima mwenye maarifa, na mambo mawili aliyoyasema yafaa yajulikane na kila mwenye nyumba ya kale. La kwanza, nalitaka kuta zipakwe simenti, zipate kupendeza. Akanikataza. Alisema ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, kama mtu anavyovuta pumzi. Ukiufunika kwa simenti, unyevu hubaki ndani, na baada ya mvua chache lipu hubambuka na huondoka na ngozi ya ukuta. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa. La pili, mawe ya vyumba vitakavyovunjwa yasitupwe. Ndiyo yatakayoziba nyufa za vile vitakavyobaki.

Kijana mmoja msaidizi wake alitoa shauri la kwamba mawe yakipungua twende tukayachukue Kua, kwa kuwa yapo mengi na hayana mwenyewe. Fundi akamgeukia akasema, "Yana wenyewe, na wamelala papo hapo." Na alisema kweli kwa dini na kwa serikali pia, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na magofu ya Kua ni miongoni mwake. Anayebomoa ukuta wa msikiti wa kale ili kuzibia jiko lake hakuipunguza nyumba yake. Ameuongeza mzigo wake.

VYOMBO NA SWALI LA MAMA

Kuta zilikuwa kazi ya fundi, na vyombo vilikuwa kazi yangu. Nalivitoa vyote uani, nami sikujua kama nyumba moja yaweza kubeba vitu vingi namna ile. Vilikuwako vitanda vya kamba saba, vinu vitatu, mbuzi za kukunia nazi nne, mitungi, masinia ya shaba, sahani za maua za harusi ya bibi, taa za kandili zisizo na vioo, magodoro, mikeka mipya na mibovu, nyavu za baba, makasia mawili ya mashua iliyokwisha kuoza, na kasha kubwa la misumari ya shaba ambalo watoto hatukuruhusiwa kulifungua.

Nikaanza kuamrisha. Hiki kitupwe, kile kiuzwe, hivi wapewe maskini. Nikamwambia mama ya kwamba dunia si mahali pa kulimbika, na nikamkumbusha Sura ya Takaathur, inayowaonya wanaoshughulishwa na wingi wa mali mpaka wakaingia makaburini. Nikamkumbusha na Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, ambayo Mtume wetu (S.A.W.) alitaja kitanda cha mtu, na cha mkewe, na cha mgeni wake, na akatuhadharisha ya kuwa kinachozidi hapo ni cha Shetani. "Nawe, mama," nikasema, "una saba."

Mama alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Alinisikiliza hata nikamaliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi vyote unavyovigawa ni vya nani?"

Nikacheka. "Ni vyako, mama."

Akasema, "Baba yenu hajarithiwa."

Neno lile likaninyamazisha. Miaka tisa ilikuwa imepita. Tulimzika baba, tukasoma khitma, tukala, tukatawanyika. Hatukukaa hata siku moja kumrithi. Kila kitu kilibaki mahali pake, na kwa kuwa kilibaki mahali pake tukadhani hakuna haki iliyoguswa. Mimi nami, niliyeshika gunia mkononi na Hadithi mdomoni, nalikuwa nataka kutoa sadaka mali isiyokuwa yangu.

Ndugu msomaji, jambo hili limeenea sana majumbani mwetu. Mtu akifa, nguo zake hugawanywa siku ya tatu kwa huruma, baiskeli yake huchukuliwa na kijana aliyekuwa akimtumikia, na vyombo huachiwa aliyebaki ndani. Nia ni njema, lakini mali ya maiti ina mpango wake. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha deni hulipwa, kisha wasia wake hutimizwa usiozidi thuluthi, na kinachobaki, kikubwa na kidogo, ni cha warithi. Kinu kimo, na sindano imo. Kabla ya warithi kujulikana na kuridhika, hakuna mwenye mamlaka ya kutoa hata sahani.

Tukamwita sheikh wa kijiji. Baba aliacha mke, wana wawili wa kiume na mmoja wa kike, na wazee wake walikwisha kutangulia. Sheikh akaigawanya mali kwa mafungu 40. Mama akapata thumuni yake, nayo ni mafungu 5, na 35 yaliyobaki yakawa ya watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: ndugu yangu 14, mimi 14, na dada 7. Nalimwuliza dada kama atapenda kuliacha fungu lake, kwa kuwa yeye ana nyumba kwa mumewe. Sheikh akanikatiza kabla dada hajajibu, akasema, "Mwulize baada ya kumkabidhi. Aliyeombwa kusamehe kabla hajapewa, hakusamehe. Ameona haya tu." Tukamkabidhi. Naye akachukua haki yake yote, na alifanya vema.

MLANGO NA KASHA

Katikati ya kazi akaja bwana mmoja mnunuzi wa vitu vya kale. Hakuviangalia vitanda wala vinu. Aliutaka mlango wa mbele, mlango wa nakshi aliouleta babu kwa jahazi katika ujana wake, na bei aliyoitaja ingaliweza kulipa karibu kazi yote ya fundi. Nakiri ya kuwa nalitamani. Lakini sheria ile ile ya mwaka 1964 yautaja mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940 katika vitu vinavyolindwa, haupelekwi nje ya nchi kwa siri kama pakacha la maembe. Tena ulikuwa na washirika wanne, na mshirika mmoja hauzi cha wenzake. Mama alisema jambo jingine: "Mkiuza mlango, nitafunga nini?" Mnunuzi akaenda zake, na mlango ukabaki. Fundi aliukwangua rangi ya mafuta niliyoupaka mwenyewe utotoni, na nakshi zikaonekana tena.

Kasha nalo tulilifungua mbele ya warithi. Mlikuwa na kanzu ya Idi, miwani, stakabadhi, na msahafu wa baba uliokatika jalada, kurasa zake za mwisho zimechanika. Kurasa zisizoweza kusomeka tulizizika mahali safi pasipokanyagwa, kama walivyotufundisha wanavyuoni, na mwenye kuzichoma kwa heshima naye hana lawama, kwa kuwa Sayyidna Uthman (R.A.) aliamuru kuchomwa kwa nakala alipoikusanya Umma juu ya msahafu mmoja. Lililokuwa zima la msahafu lilitiwa jalada jipya.

Chini kabisa palikuwa na fundo la kitambaa cheusi, na ndani yake vikuku viwili vya fedha. Dada alidhani ni vya mama. Mama alivigeuza mkononi, akasema si vyake. Ni vya jirani aliyesafiri kwenda Tanga zamani, kabla mimi sijazaliwa, akamwachia baba awekewe mpaka atakaporudi, naye hakurudi, alifia huko. Binti yake yu hai, ameolewa Jibondo.

Basi vikuku havikuwa mirathi, bali vilikuwa amana, na amana hairithiwi. Tulivipeleka Jibondo kwa mashua, mimi na mama. Yule mwanamke, naye sasa ni bibi mwenye wajukuu, aliviweka mapajani asiseme neno kwa muda. Kisha akauliza kama baba alipata kuvitumia. Mama akamjibu ya kwamba baba alikuwa na miaka mingi ya shida, na kasha lilikuwa halina kufuli.

Katika kurudi nalimkumbuka Mtume wetu (S.A.W.) usiku wa Hijra. Maadui wameizunguka nyumba yake wakitaka kumwua. Anatoka Makka, haondoki na vyombo. Lakini alimwacha nyuma Sayyidna Ali (R.A.) ili awarudishie watu amana zao walizoziweka kwake, na wengi wa wenye amana hizo walikuwa katika wale wale wasiomwamini. Huo ndio uhamaji wa kuigwa. Kabla ya kuuliza nitachukua nini, mtu huuliza kilicho mkononi mwangu ni cha nani.

HESABU YA MINAZI

Sasa nafika mahali panaponitia haya. Ndugu yangu mkubwa alikuja siku ya mafungu, akapokea, akatia sahihi, akaondoka bila ya kunywa hata kahawa. Mimi naye tulikuwa hatusemezani mwaka wa nne, na katika kila baraza nalisema ya kuwa yeye ndiye mwenye moyo mgumu.

Usiku ule mama akanisimulia khabari ya Kua na Kisimani, ambayo wazee wa Mafia huisimulia. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishusha. Wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mbele ya jahazi, wakalipitisha juu yao. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakawa watoka mmoja mmoja, huyu kwa udhuru huu na yule kwa udhuru ule, hata akabaki mzee mmoja akiwazungumza wageni. Na huku nje mlango ukajengwa kwa mawe. Kisha Kua wakapeleka ujumbe ya kuwa hesabu imekwisha. Na haikupita muda, wasema wazee, bahari ikaila Kisimani, na Kua nayo ikafikwa na yaliyoifika.

"Miji miwili," akasema mama, "kila mmoja ulikuwa na ghala ya chuki, na hakuna uliyeitoa uani."

Sikulala. Kwa sababu nalijua asili ya ugomvi wetu. Baba aliacha minazi, na tangu alipokufa mimi ndimi niliyekuwa nikiisimamia; kila nazi zinapoanguliwa, huletwa kwangu Dar es Salaam nikaziuza. Nalikuwa nikimpelekea mama fedha kila mwezi, na watu wakinisifu kwa ihsani. Kaka aliniuliza mara moja juu ya hesabu, nami nikakasirika. Lakini kwa mafungu yale 40, katika kila shilingi 40 za minazi 14 tu ndizo zilizokuwa zangu. Shilingi 26 zilikuwa za watu. Na katika nilizompelekea mama nikijiona mkarimu, zilikuwamo zilizokuwa haki yake tangu mwanzo.

Nalikuja kumpunguzia mama vyombo, kumbe mwenye nyumba iliyojaa ni mimi.

Asubuhi nikavuka kwenda Kilindoni na daftari langu. Sitaki kudai ya kuwa tulikumbatiana tukalia. Kaka alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akanionyesha mahali pawili nilipokosea, na vyote viwili vilikuwa kwa faida yangu. Tukaandikiana deni, la kaka na la dada, nami nalilipa kidogo kidogo mpaka sasa. Nilipotaka kuondoka akaniambia, "Kahawa iko tayari." Nikaketi.

VILIVYOTOKA NA VILIVYOBAKI

Haki zilipokwisha kupata wenyewe, ndipo ilipofika zamu ya sadaka, nayo ikawa nyepesi. Mama alitoa katika fungu lake, nasi tukatoa katika mafungu yetu. Alitukataza jambo moja: vitu vibovu visiitwe sadaka. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Baqara, kukusudia kutoa vilivyo vibaya, ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Godoro lililooza si sadaka. Ni taka, na hutupwa na mwenyewe. Kumpa maskini takataka ni kumwajiri akutupie bila ya ujira.

Akafanya kinyume cha wengi wetu. Alianza kwa sahani za maua za harusi, alizozipenda kuliko vyombo vyote, na ambazo sasa zilikuwa zake kwa fungu. Alimpa shangazi yetu. Shangazi harithi, kwa kuwa kaka yake ameacha wana. Lakini Sura ya Nisaa yatuagiza tuwape kitu jamaa na mayatima na maskini wanaohudhuria ugawaji, na tuseme nao maneno mema. Nalimwuliza mama kwa nini asimpe masinia. Akanikumbusha Sahaba Abu Talha (R.A.), ambaye bustani ya Bairuha ilikuwa mali aipendayo kupita zote. Ilipoteremka aya ya 92 ya Sura ya Aali Imran, inayofundisha ya kuwa wema haufikiwi mpaka mtu atoe katika anavyovipenda, aliitoa bustani hiyo, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza aigawanye kwa jamaa zake. "Masinia," akasema mama, "sikuyapenda kamwe."

Masinia yalikwenda madrasa, kwa maakuli ya Maulidi. Nyavu za baba zilipewa kijana mvuvi. Vitanda vinne vilitoka, vikabaki vitatu: cha mama, cha mjukuu, na cha mgeni. Kinu kimoja kilibaki, na mbuzi moja ya nazi, na mkeka wa kusalia, na msahafu wa baba, na kasha, ambalo sasa lina nafasi. Nyumba imekuwa ndogo, na mama aweza kuifagia yote kabla ya jua kupanda. Usiku aenda chooni bila ya kumwamsha mtu.

Siku ya kuondoka nalimwuliza kama haoni ukiwa, kwa kuwa kilichobaki ni kidogo. Akanijibu kwa kisa cha kondoo aliyechinjwa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Nyama iligawanywa, na Bibi Aisha (R.A.) akasema hakikubaki ila bega, Mtume akamfahamisha ya kuwa kimebaki chote, isipokuwa bega lile.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na nyumba ya mzazi inayotaka kupunguzwa, usianze na gunia. Anza na warithi. Kisha madeni na amana. Kisha hesabu zako mwenyewe na ndugu zako, ambazo hazionekani uani. Baada ya hapo mwite fundi. Watu wa Kua hawakupata siku ya kufanya hivyo, nasi tumepewa siku hiyo, hatujui kama tumepewa ya pili. Mwenyezi Mungu atujaalie tuyatoe ya watu mikononi mwetu kabla hatujatolewa sisi majumbani mwetu. Amin.